UZI: Kubadili krosmemba ya nyuma na mikono yake nyumbani, na kwa nini bushi mpya hufa mapema

Mtaimbo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kazi nimeimaliza juzi jioni, naiandika sasa kabla sijaanza kusahau. Nimeshusha krosmemba ya nyuma ya gari langu (ile fremu ya chuma chini ya gari inayobeba mikono ya magurudumu), nimepandisha nyingine, na nimebadili mikono yote minane, yaani vyuma vinavyoshikilia gurudumu, minne kila upande. Nimefanyia nyumbani kwenye sakafu ya zege, bila lifti.

Kilichonisukuma ni hiki. Miezi kadhaa nyuma nilibadilishiwa bushi zote za nyuma (ile mipira iliyo kwenye viungio vya mikono) kwenye gereji moja. Gari likatulia wiki chache tu, halafu ule mlio wa "kong" ukarudi kila nikiondoka au nikikanyaga breki. Kwenye kona nyuma kunachelewa kufuata mbele, kama kuna usukani wa pili huko nyuma. Matairi yakaanza kulika upande wa ndani. Nikaambiwa bushi zilikuwa feki, nikaamini. Siku nilipolala chini ya gari na tochi ndipo nikaona mambo mawili. Kwanza, bushi zote zilikuwa zimepasuka kwa mtindo mmoja, mpira umechanika kwa kusokotwa, kama nguo iliyokamuliwa kupita kiasi. Pili, krosmemba yenyewe imeoza.

Kutu ya krosmemba usiipime kwa macho. Nyingi ni bati mbili nene zilizokunjwa na kuchomelewa pamoja, katikati kuna uwazi. Maji na tope huingia kwenye matundu, hukaa mle ndani, na kutu huanza kula kutoka ndani kuja nje. Ukiona rangi inafura kwa nje, ujue ndani imeshakula siku nyingi. Gonga kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti iliyokufa, kama kopo lililojaa mchanga. Halafu chukua bisibisi uchokonoe kwenye viungio vya kuchomelea na pale mikono inaposhikia. Yangu bisibisi ilizama karibu kabisa na bolti ya mkono wa springi, upande wa kushoto. Pale sikuona cha kuweka kiraka. Mkono ukichomoka gari likiwa kwenye mwendo, tairi la nyuma linageukia linakotaka lenyewe.

Kabla sijafungua hata nati moja nilifanya jambo ambalo ndilo limenifanya niandike uzi huu. Gari likiwa limesimama kwenye sakafu tambarare, matairi yana upepo wake sahihi, nilipima kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) hadi ukingo wa bodi juu ya tairi. Kushoto milimita 358, kulia 361. Nikaandika kwa kalamu ya rangi kwenye bodi yenyewe, maana karatasi hupotea. Mtaona mbele kazi yake.

Bolti za krosmemba kwangu ni 4, na zinaingia kwenye nati zilizochomelewa ndani ya chasisi. Ukizungusha kwa hasira nati ikachomoka kwenye mchomeleo, itazunguka pamoja na bolti na hutaifikia bila kukata sakafu ya gari. Kwa hiyo nilianza kuzimwagia mafuta ya kulegeza kutu siku 5 kabla, asubuhi na jioni, baada ya kusugua kwa brashi ya waya. Siku ya kazi sikuanza kwa kulegeza. Nilianza kwa kukaza kidogo sana mpaka nikasikia kutu inakatika kwa "tik", ndipo nikalegeza robo mzunguko, nikarudisha, nikalegeza tena, mafuta katikati. Bolti moja ilinichukua dakika 40 kwa mtindo huo na ikatoka na meno yake yote. Mpini wa mita 1 una nguvu sana, wakuu. Mtu wa kilo 70 akiegemea ncha yake anaweka karibu nyutonimita 690 za nguvu ya kuzungusha, na bolti iliyoliwa na kutu hukatika mapema zaidi ya hapo. Mpini mrefu ni wa kukupa utulivu wa mkono, uzito wa mwili weka pembeni.

Stendi niliziweka kwenye sehemu za bodi zilizoimarishwa, mbele ya krosmemba. Usiweke stendi kwenye krosmemba unayokwenda kuishusha, na hili nalisema kwa sababu kwa mazoea wengi tunajekia hapohapo. Matairi ya mbele kabari pande zote mbili. Kisha nikalisukuma gari kwa nguvu kutoka pembeni kabla sijaingia chini. Kama litatikisika, bora litikisike nikiwa nje.

Kalipa za breki nilizifungua zikiwa na mipira yake, nikazining'iniza kwa waya kwenye bodi. Sikufungua paipu ya breki hata moja, hivyo sikuhitaji kutoa hewa. Waya wa sensa ya ABS (mfumo unaozuia tairi kuganda ukifunga breki) chomoa kwenye soketi yake juu, usihangaike kuivuta sensa kwenye habu, imeganda na itakatikia humo. Nyaya za handbreki nazo zimebanwa kwenye krosmemba kwa klipu, zikisahaulika zitajikumbusha kazi ikiwa nusu.

Baada ya hapo eksozi, shokapu, springi, mikono, na mwisho krosmemba ikashuka juu ya jeki ya magurudumu, rafiki yangu akishika upande mmoja. Nitaendelea na upandishaji, kama kuna maswali leteni.

---

BoltiKavu

Mkuu, uzi mzuri. Swali: springi umezitoaje? Mimi huwa naziogopa kuliko kitu chochote kwenye gari.

---

Mtaimbo

Uziogope hivyohivyo mkuu.

Kwangu springi imekaa peke yake juu ya mkono mpana wa chini, shokapu iko pembeni. Nilipitisha mnyororo kwenye springi na kuufunga kwenye bodi, ukiwa umelegea kidogo. Nikaweka jeki chini ya mkono karibu na habu, nikapandisha mpaka mkono ukaubeba mzigo, ndipo nikatoa bolti ya nje ya mkono na bolti ya chini ya shokapu. Halafu nikashusha jeki taratibu, kidogo kidogo, mimi nikiwa pembeni na sio mbele ya springi. Ikifika chini kabisa springi inakuwa haina nguvu, unaitoa kwa mkono.

Kama gari lako springi imevaa shokapu, usifungue nati ya juu ya shokapu bila kwanza kuibana springi kwa vibanio vyake viwili vinavyotazamana. Nati ile ndiyo peke yake inayoizuia springi isiruke.

---

SpanaNamba17

Mimi nina ubishi kidogo. Miaka yote bushi tunazikaza gari likiwa juu, tunashusha, mteja anaondoka. Hiyo 358 na 361 ni ya nini? Bushi ni mpira, utajikunja tu wenyewe.

---

Mtaimbo

Nashukuru umeuliza, mkuu, kwa sababu hapa ndipo bushi zangu zilipouawa.

Bushi ya mkono ina bomba la chuma nje, bomba dogo ndani, na katikati mpira ulioganda kwa yote mawili. Ukikaza bolti, lile bomba la ndani linabanwa kwenye krosmemba na halizunguki tena. Mkono ukipanda na kushuka hakuna kitu kinachozunguka mle ndani, mpira ndio unaosokotwa. Sasa mpira una sehemu moja tu ya mapumziko, na sehemu hiyo ni pale mkono ulipokuwa wakati unakaza bolti.

Gari langu likiwa juu, magurudumu yananing'inia, kipimo kilekile cha habu hadi bodi kilikuwa milimita 436. Likisimama chini ni 358. Tofauti ni milimita 78. Kwenye mkono wa milimita 400 hizo ni karibu nyuzi 11. Ukikaza likiwa linaning'inia, ukalishusha, mpira umesokotwa nyuzi 11 hata gari likiwa limeegeshwa usiku kucha halina mtu. Ukipita kwenye shimo, msokoto unaongezeka juu ya hizo 11. Mpira uliotengenezwa usokotwe kidogo huku na kidogo kule unasokotwa upande mmoja tu maisha yake yote. Ndiyo maana zangu zilipasuka zote kwa mtindo mmoja. Zingekuwa feki tu, nisingetegemea zipasuke zote vilevile.

Tena msokoto huo unaliinua gari kidogo kwa nyuma, kwa hiyo hata alaimenti (mwelekeo wa magurudumu) unayopimiwa siku hiyo inapimwa kwenye kimo cha uongo. Bushi zikilegea gari linashuka na vipimo vinaondoka.

---

SpanaNamba17

Nimekusoma. Kwa hiyo uzikaze gari likiwa chini? Utaingiaje na spana wakati gari limekaa?

---

Mtaimbo

Ndipo inapoingia 358.

Nilifunga mikono yote bolti zikiwa za kushika tu, bila springi na bila shokapu. Bila springi habu unaipandisha na jeki bila kuhangaika. Nikaipandisha mpaka futi ikasoma 358, nikakaza mkono wa juu, mkono mwembamba wa chini na ule mrefu unaokwenda mbele. Kulia nikafanya vivyo hivyo kwa 361. Ukijaribu hivyo springi ikiwa ndani, jeki itaanza kuliinua gari kutoka kwenye stendi kabla hujafika, na hapo unaingia kwenye hatari.

Ukabaki mkono wa springi peke yake. Huo nilirudisha springi na shokapu, nikafunga matairi, nikaliweka gari juu ya vipandio vinne vya mbao ngumu pana, moja kila tairi, nikalitingisha kwa kulikandamiza nyuma mara kadhaa likae. Halafu nikaingia chini na kukaza bolti ya ndani na ya nje likiwa limebeba uzito wake wote. Ukibadili na springi, fanya hivi kwa mikono yote, kwa sababu kimo cha zamani hakina kazi tena.

Viungo vya tufe la chuma, yaani bolijointi, havihusiki na haya, vyenyewe vinazunguka. Linki za stabilaiza (kile chuma kinachopunguza gari kulala kwenye kona) zenye bolijointi vilevile.

---

TorkiRenchi

Naongezea. Bolti nyingi za krosmemba na za mikono kwenye magari ya siku hizi zinakazwa kwa nguvu fulani halafu zinaongezwa nyuzi, mathalani nyuzi 90. Zinavutika zikikazwa, ni za matumizi ya mara moja. Angalieni kitabu cha gari, kikisema mpya, wekeni mpya. Usipake mafuta kwenye meno kama kitabu hakijasema, maana meno yakilainika torki (nguvu ya kukazia) ileile inavuta bolti zaidi ya ilivyokusudiwa.

---

Mtaimbo

Sahihi kabisa. Na rangi pia, mkuu. Krosmemba yangu nilipoipaka nilifunika kwa tepu sehemu zote ambazo chuma kinakutana na chuma, yaani kichwa cha bolti kinapokaa na bushi inapobanwa. Rangi nene pale chini inasagika baada ya siku chache, na bolti uliyoikaza vizuri inakuwa imelegea bila mtu kuigusa.

---

BoltiKavu

Kwangu nimeanza leo nimekwama. Bolti za alaimenti, zile zenye washa ambayo tundu lake haliko katikati, hazitoki. Nati imetoka vizuri, bolti inazunguka na mpira wa bushi, lakini haichomoki. Nimegonga mpaka kichwa kimeanza kupanuka. Niwashe gesi?

---

Mtaimbo

Acha kugonga, mkuu, na gesi iache kwanza.

Bolti imeoana na bomba la ndani la bushi. Maji yalikaa humo, kutu ikavifanya kitu kimoja. Ndiyo sababu pia fundi wa alaimenti aliwahi kukwambia "haikubali kurekebishika", kama alikwambia. Kwa kuwa mkono, bushi na bolti vyote unavitupa, usihangaike kuiokoa. Kata. Pitisha blade ya msumeno wa chuma katikati ya bushi na sikio la krosmemba, upande mmoja halafu wa pili. Mkono utaanguka na kipande cha bolti ndani yake. Nne kati ya zangu nilizikata hivyo.

Kuhusu gesi: tanki la mafuta liko wapi na paipu zake zinapita wapi kwenye gari lako? Kwenye magari mengi ni mbele tu ya krosmemba ya nyuma. Na jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Kama umepuliza dawa ya kusafishia breki yenye klorini eneo hilo, usipeleke moto wala kuchomelea. Ikikutana na joto kali inaweza kutoa fosjini, gesi ileile iliyoua watu kwenye Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Pumzi moja ya gereji iliyofungwa haifai kujaribiwa.

Kama ni gari la haibridi au la umeme, tafuta kwanza nyaya za rangi ya chungwa. Hizo usizisogelee kwa msumeno wala kwa moto, na zikiwa zinapita hapo mpe kazi mwenye mafunzo yake.

---

BoltiKavu

Nimekata. Dakika 10 upande mmoja! Nimepoteza nusu siku kugonga. Asante sana mkuu.

---

Difu_na_Shafti

Wenye gari linalosukumwa nyuma, krosmemba yenu imebeba na difu (gia inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma). Wekeni alama ya rangi kwenye flenji ya propela shafti na ya difu kabla ya kufungua, irudi palepale, la sivyo mnaweza kupata mtetemo. Na uzito ni mwingine kabisa. Mimi natumia jeki mbili na kuifunga krosmemba kwa mkanda, maana difu inavuta upande wake na jeki moja inapinduka. Bora kutoa difu kwanza ikiwezekana.

---

MsasaWaWaya

Mwanzisha uzi, krosmemba uliyoweka ni mpya au ya kutoka kwenye gari lingine? Na umejuaje imekaa katikati? Yangu nilipandisha, usukani ukawa umelala upande barabara ikiwa imenyooka.

---

Mtaimbo

Ni ya kutoka gari lingine. Kabla sijaikubali niliigonga yote kwa nyundo, halafu nikapima mshazari kwa mshazari, kutoka tundu la mbele kushoto hadi la nyuma kulia, na la mbele kulia hadi la nyuma kushoto. Krosmemba yenye pande mbili zinazofanana vipimo hivyo lazima vilingane. Moja niliyoonyeshwa kwanza ilipishana milimita 6, nikairudisha. Gari lile liliwahi kugongwa tairi la nyuma.

Kuhusu kukaa katikati, matundu ya krosmemba ni mapana kuliko bolti, kwa hiyo inaweza kuteleza milimita chache kila upande. Magari mengi yana tundu la mwongozo kwenye krosmemba na jingine kwenye chasisi, unapitisha pini ya chuma kabla ya kukaza. Kama halina, unachora kwa rangi mzunguko wa krosmemba kwenye bodi kabla hujaishusha. Wewe yako ilikaa imegeuka kidogo, magurudumu ya nyuma yakawa yanaelekea upande, na gari likatembea kama kaa. Unalinyoosha kwa usukani, ndiyo maana usukani umelala. Fundi wa alaimenti akirekebisha mbele peke yake atanyoosha usukani tu, nyuma patabaki vilevile. Rudi kwenye bolti 4, legeza, isogeze, kaza, halafu ndio upeleke kwenye mashine.

---

MsasaWaWaya

Hapo nimekuelewa, kumbe nilikuwa nalaumu usukani bure. Jumamosi naishusha.

---

Mtaimbo

Mkuu, huna haja ya kuishusha. Jeki ibebe tu uzito, bolti zote 4 zilegezwe mizunguko miwili hivi, krosmemba itasogea kwa mtaimbo. Fungua springi ikiwa tu inakuzuia.

---

Mtaimbo

Mrejesho, kama nilivyoahidi.

Nilinyoosha kwanza kwa kamba mbili zilizofungwa sambamba na gari, moja kila upande, nikapima umbali wa kamba hadi ukingo wa mbele na wa nyuma wa rimu. Lengo lilikuwa kulifikisha kwenye mashine ya alaimenti bila kula matairi njiani. Kwenye mashine, bolti za kurekebishia zilizunguka kwa mkono mmoja, na fundi akamaliza nyuma kabla ya kugusa mbele, kama inavyotakiwa.

Ndani ya krosmemba nilinyunyiza nta ya kuzuia kutu kupitia matunduni kwa mpira mrefu mpaka ikachuruzika, halafu nikahakikisha matundu ya kutolea maji yako wazi. Nta ikiyaziba umejifungia maji ndani.

Baada ya kilomita 300 nimelala chini tena na torki renchi. Bolti zote 4 za krosmemba zimesimama kwenye torki yake. Mkono wa juu wa kulia, bolti ya ndani, ulikubali kidogo sana kabla renchi haijatoa mlio wake, nimeuwekea alama ya rangi na nitauangalia tena. Kimo sasa ni 357 kushoto na 360 kulia. Bushi nimezimulika moja moja, mpira umelala, hakuna hata mmoja uliosokotwa.